Umeme Mdogo, Faida Kubwa

Mamlaka ya Majengo ya Biashara ya Gujranwala, Pakistan, ina furaha isiyo kifani kuwatangazia wananchi wote kwamba ule umeme mdogo mliokuwa mkiulalamikia miaka nenda, miaka rudi, si tatizo tena. Ni mfumo. Ni mfumo wa kisasa unaotafutwa na majengo makubwa ya dunia kwa udi na uvumba, na sisi tumekuwa nao bure bila kujua.

Tangazo hilo nililiandika mimi, Msemaji wa Mamlaka. Wapo walionicheka, lakini asiyejua maana haambiwi maana.

Chanzo cha habari hizi njema ni Mkurugenzi wetu, Chaudhry Sanaullah Cheema. Alialikwa Islamabad kwenye semina iitwayo “Faida za Mifumo ya Umeme Mdogo katika Majengo ya Biashara.” Kwa kuwa ni mtu mwenye majukumu mengi, alifika wakati wa chakula cha mchana, akala biriani, akachukua mkoba uliokuwa ukigawiwa, akarudi. Jina la semina lilikuwa limeandikwa juu ya mkoba kwa herufi kubwa, na Mkurugenzi ni msomaji mzuri. Dereva aliniambia kwamba njia nzima alikuwa akilisoma na kutikisa kichwa kwa furaha.

Aliporudi ofisini, ghorofa ya juu ya Jengo la Gulbahar, aliwakuta wapangaji wa jengo wakimsubiri mlangoni. Walikuja na ombi lao lile lile la transfoma mpya. Walikuwa wameahidiwa tangu mwaka uliopita, na ile ya zamani ilikuwa hoi. Umeme ulipofika madukani ulikuwa umeshachoka.

“Mheshimiwa,” alianza Haji Ghafoor, muuza feni wa ghorofa ya chini, “mteja akija kujaribu feni, inazunguka mpaka anaziona panga zake moja moja. Juzi kuna mmoja kaniuliza, ‘Haji, hii ndiyo inaanza au ndiyo inasimama?’”

Aliyekuwa na hali mbaya kweli ni Dada Tahmina, mshonaji wa nguo za maharusi. Alikuja na pasi yake mkononi.

“Mkubwa, hii pasi imechomekwa tangu asubuhi. Ishike.”

Mkurugenzi akaishika.

“Umeungua?”

“Hapana.”

“Basi na nguo haziungui, wala hazinyooki. Msimu wa harusi ndio huu. Nikiukosa, nakurudishia funguo za duka, na wasichana wangu wote wanarudi kwao mikono mitupu.”

Mkurugenzi aliinua mkoba wake juu ili kila mtu auone. “Dada Tahmina, hebu soma hapa. Wameandika faida au hasara?”

“Faida.”

“Wameandika wataalamu!”

“Hao wataalamu wanapiga pasi, mkubwa?”

“Transfoma mpya italeta umeme mkubwa,” alisema Mkurugenzi kwa upole wa mtu anayezungumza na wagonjwa. “Dunia inakwenda mbele, nyie mnataka kurudi nyuma?”

Kikao kikaisha kwa mafanikio, kwa maana ya kwamba kiliisha.

Baada ya hapo tukamwita Injinia Zubair kutoka Lahore, ambaye kazi yake hasa ni hiyo mifumo. Mkurugenzi alimuuliza swali la kitaalamu: mfumo wake unatumia volti ngapi?

“Kamera ni volti kumi na mbili, bwana. Kufuli za milango ishirini na nne.”

Mkurugenzi alilengwalengwa na machozi. “Kumi na mbili! Sisi tumejikaza miaka yote hii, bado tuko mia moja na arobaini!”

Injinia alieleza kwamba hayo ni mambo mawili tofauti. Alisema mifumo yake ina nyaya zake nyembamba, kwa ajili ya kamera, milango ya kadi, king'ora cha moto na spika. Haili umeme mwingi, hairushi mtu, na umeme wa mji ukikatika inaendelea kwa betri. Lakini pasi na feni, alisema, zinataka mia mbili na ishirini zake kama kawaida. Maelezo yalikuwa marefu, na alipofika kwenye betri Mkurugenzi alikuwa ameshaanza kupiga makofi. Siku hiyo hiyo iliundwa Kamati ya Kushuka, yenye jukumu la kulifikisha jengo zima kwenye volti kumi na mbili kwa awamu. Nilikubali kuwa katibu wake baada ya kubembelezwa na posho.

Mifumo ya Injinia ilifungwa, na kusema haki ilifanya kazi vizuri. Kamera zilimwona mwizi wa shali kabla hajafika ngazini. Mafuta ya muuza sambusa yaliposhika moto, king'ora kililia na watu wote wakatoka salama, ilhali zamani tulitegemea mtu mwenye koo pana. Juu ya meza ya Mkurugenzi ikawekwa maikrofoni iliyounganishwa na spika za kila korido. Kila asubuhi aliwasomea wapangaji faida za umeme mdogo, na maikrofoni hiyo hakuizima hata mara moja, maana ilikuwa nzuri ikiwaka.

Adhuhuri moja umeme wa mji ukakatika kabisa. Mimi nilikuwa chini kwa Haji Ghafoor, nakunywa chai. Mkurugenzi, nadhani, alikata shauri kwamba umeme ukienda na maikrofoni imekwenda. Simu yake ikalia, akaiweka sauti ya juu kwa sababu mikono ilikuwa na mafuta ya sambusa.

“Sanaullah!” Ilikuwa sauti ya mkewe, Begum Shaista, ikishuka kutoka kila spika ya jengo. “Mehndi ya binti yako, usiku wa hina, ni kesho, na sketi yake ya lehenga imekunjamana kama karatasi ya kufungia nyama! Fundi anasema pasi haipati moto!”

“Fundi gani huyo?”

“Tahmina, wa jengo lako! Si ulisema umeme wa huko umekuwa wa kisasa?”

“Basi mwite aje ashonee nyumbani. Umeme ukirudi, kwetu si upo tele?”

“Upo tele kwa sababu ya transfoma mpya ya wapangaji uliyoifunga getini kwetu! Watu wakijua je?”

“Atawaambia nani? Hebu acha woga, Shaista. Mpe chumba, achomeke anachotaka. Ile transfoma ina nguvu, hata soko zima likija litatosha!”

Haji Ghafoor aliweka kikombe chini taratibu.

“Mmeusikia mwaliko?” aliuliza Dada Tahmina, akitokeza mlangoni.

“Tumeusikia,” alisema Haji. “Mkubwa akikuita harusini, usipokwenda ni utovu wa adabu.”

Kamera zetu zilirekodi msafara wote kwa ubora wa hali ya juu. Alitangulia Tahmina na wasichana wake, vyerehani vichwani. Akafuata Haji na feni zake, muuza sambusa na jokofu lake, na nyuma kabisa mtu wa fotokopi. Walipofika nyumbani kwa Mkurugenzi, getini palikuwa pamejaa jamaa wa bwana harusi kutoka Sialkot. Mbele ya wakwe, nani atafukuza mgeni wa harusi? Begum Shaista alitabasamu kwa meno yote na kuwakaribisha ndani. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Umeme uliporudi mjini, Tahmina alichomeka pasi sebuleni, akasubiri kidogo, akaigusa kwa kidole chenye mate. Ikasema *tss*. Hapo mama wa watu akalia kweli, mbele ya wageni wote.

“Moto huu!” alisema. “Mwaka mzima ulikuwa umelala hapa?”

Mkurugenzi alifika jioni, akajipenyeza kati ya feni na vyerehani. “Mnafanya nini kwangu?”

“Tunapata faida, mkubwa,” alijibu Tahmina bila kuinua kichwa, lehenga ikinyooka mbele yake.

Baba wa bwana harusi akauliza kwa heshima zote kama transfoma ile ya getini nayo ni sehemu ya mali atakayokuja nayo bibi harusi. Mkurugenzi alisaini ihamishwe kabla chai haijapoa. Ilirudi Gulbahar juu ya trela la trekta, wapiga ngoma za dhol wa harusi wakiisindikiza.

Siku hizi pasi ya Tahmina ni hatari kuishika. Transfoma ya zamani, ili isipotee bure, imefungwa getini kwa Mkurugenzi.

Juzi aliniita ofisini kwake, shati limelowa jasho. “Msemaji, nyumbani kiyoyozi kimekufa, friji inalia usiku kucha. Nimelala barazani! Fanya kitu!”

“Nimeshafanya, mkubwa,” nikamsomea tangazo jipya: Mamlaka ina furaha isiyo kifani kutangaza kwamba mtaa wa Mkurugenzi umechaguliwa kuwa mtaa wa mfano wa umeme mdogo. “Kwako mmeshafika volti tisini. Kamati inakupongeza.”

“Nyamaza! Mkuki kwa nguruwe! Mimi mwenyewe nilijua kwamba ule ni upuuzi...” Akasita, akaitazama maikrofoni. “Hii haijawashwa?”

“Umeme umekatika tangu saa nne, mkubwa,” nilimtuliza.

Akashusha pumzi. Chini, dukani kwa Haji Ghafoor, kicheko kikaanza, kikapanda ngazi korido baada ya korido mpaka mlangoni kwetu.