Farasi wa Anand Harudi Ila kwa Aliyemuuza

Ndugu Mhariri wa gazeti la wilaya,

Nakusalimu kutoka kwenye hema jipya, jeupe hata wana-kondoo wanalifuata wakidhani ni mama yao. Nimeolewa majuzi, na kwa furaha namimina chai nje ya bakuli. Hata hivyo nina malalamiko mazito kuhusu uaminifu wa wauza farasi.

Theluji ilipoyeyuka, mimi na baba tulimnunulia mdogo wangu Anand, mwenye miaka sita, farasi mdogo wa kijivu. Muuzaji alikuwa kijana Gansukh, wa ng'ambo ya mto Orkhon. Usiku ule Anand alilala amekumbatia tandiko. Kulipokucha, farasi hayupo.

1. Muuzaji alisema, "Dada, huyu ni mpole kama mto wa kulalia." Ni kweli. Aliondoka kwa upole hata mbwa hakubweka, akarudi kwa muuzaji.

2. Kabla ya kutukabidhi, alimkata farasi nywele chache za shingoni akazitia kifuani, kama wafanyavyo wauzaji wote ili baraka ya mifugo isihame. Sasa nauliza: ukibaki na kipande cha farasi, umeuza nini? Mnyama alifuata nywele zake.

3. Nilipokwenda kumdai, hakuona haya. "Karibu dada, mwenzio kakutangulia!" Akanipa chai ya chumvi, akanipa maziwa ya farasi yaliyochacha, akatabasamu. Tabasamu lile halikutajwa wakati wa mauziano.

4. Farasi alitoroka tena na tena, nami nikamfuata, hata siku ambazo hakutoroka, kwa kuhakikisha tu. Baba akaniuliza, "We binti, tulinunua farasi au tulinunua safari?"

5. Muuzaji huyo sasa ni mume wangu. Akiniita jina, nasahau nilichokuwa nakipika. Lakini uaminifu uko wapi? Baba alinunua farasi, akapoteza farasi na binti. Mnyama yuko hapa mlangoni anatafuna kamba za hema langu. Anand yuko kule, hana farasi wala dada, na siku ya harusi alikataa kuniaga. Hilo linanichoma katikati ya raha zangu zote.

Kwa hiyo naomba iamriwe kila muuzaji atangaze mapema tabasamu lake na urefu wa kope zake. Na Gansukh ahukumiwe kunikamulia farasi kila kiangazi mpaka tuzeeke.

Wasalimie wapiga chapa, wake zao, na yeyote anayependa mtu.

Wako mwenye uchungu na furaha,
Oyunsuvd, mke wa mshitakiwa

Nyongeza: Tafadhali usichapishe. Jana tulimrudisha farasi kwa Anand. Leo asubuhi nimesikia kwato, na huyo Anand juu ya farasi, hatamu kaiachia, anapiga kelele, "Dada, anaijua njia mwenyewe!" Kumbe siku ya mauziano Gansukh alimnong'oneza: "Bwana mdogo, wewe ndiye mwenye farasi, nakwambia ukweli. Huyu atarudi kwetu kila mara." Na kuniaga? "Nikuage ya nini, na nilijua nitakuja?" Nikamuuliza mbona hakuniambia mapema.

"Ningekwambia saa ngapi, dada? Ulikuwa unamtazama yeye."