Ukweli wa Kila Ijumaa

Jumatatu, 7 Oktoba

Naibu meneja ameondoka! Nimefika kazini nikakuta kiti chake kimegeuzwa kinatazama ukuta na kikombe chake kimo kwenye pipa la taka. Bosi Tabasamu akatutangazia, meno yote nje, kwamba mwenzetu ameamua kwenda kukua mahali pengine. Tukatikisa vichwa, kana kwamba tulikuwa tunamwagilia maji kila siku. Hakuna aliyeuliza.

Mimi nilikuwa natazama kiti. Kina mikono. Kinazunguka. Cha kwangu mguu mmoja umefungwa kwa gundi ya karatasi, nikipiga chafya kinanisogeza hadi kwa jirani. Nimeapa: kiti kile changu.

Nieleze kidogo, ili siku nikiwa mkubwa na shajara hii ikasomwa, watu wasipotee. Kampuni yetu ni ya bima, ghorofa juu ya ghorofa. Sisi ni kitengo cha madai. Mtu akiugua au akiunguliwa na nyumba, faili lake linakuja kwetu, nasi tunatafuta sababu ya kutomlipa. Tukiikosa tunamlipa, ila si jambo la kujivunia.

Na kila Ijumaa tuna kikao cha ukweli. Tunakaa duara, kila mtu anamchagua mwenzake na kumwambia kasoro yake mbele ya wote, kwa upendo. Ukiambiwa hujitetei. Unasema asante kwa zawadi, unakaa. Bosi anaandika. Zawadi ikiwa nzito, Jumatatu kiti chako kinatazama ukuta. Wanasema sisi ni familia. Wamelibandika neno hilo hadi mlangoni mwa choo.

Kizuizi changu ni mtu mmoja tu, Tai, yule wa meza ya mbele, aliyepewa jina kwa tai yake nyekundu ambayo nadhani anaoga nayo. Naye anakitaka kiti. Nimemwona akikipangusa vumbi. Vumbi gani, kiti cha jana?

Jumanne, 8 Oktoba

Mpango wa kwanza: kuonekana. Nimefika mapema, nikasimama kwenye lifti nimfungulie bosi. Alipokuja nikazuia mlango kwa mguu, kistaarabu kabisa. Mlango haukujua ustaarabu. Nimechomoa mguu, kiatu kikabaki ndani, lifti ikapanda na bosi na kiatu changu. Nikapanda ngazi nikichechemea. Nilipofika juu Tai alikuwa ameshakiweka kiatu kwenye sinia ya chai, anazunguka nacho meza kwa meza akiuliza mwenyewe ni nani. Ofisi nzima haikuwa na mbavu. Lo, yule mtu!

Aliyemnyang'anya kiatu akanirudishia ni Mama Pacha, jirani yangu wa meza. Ananiita shemeji, maana yeye na mke wangu walijifungua wodi moja na tangu hapo ni kama dada. Mwanamke mkimya, mwenye kichwa chepesi cha hesabu. Mafaili yangu magumu namwachia yeye. Namsaidia asizubae.

Kwenye kikao tuna maagano yetu. Mimi namwambia kwamba hajui kuomba msaada. Yeye ananiambia kwamba sijui kupumzika. Bosi anaandika, tunashukuru, tunarudi nyumbani salama. Kila mtu pale ana mwenzake wa namna hiyo, ila ukiuliza watakataa katakata.

Jumatano, 9 Oktoba

Mama Pacha ametoroka tena kwa ngazi za nyuma, viatu mkononi. Kila Jumatano ndizo zake. Yule mdogo wa wale pacha figo zimegoma, siku hiyo damu yake inasafishwa kwa mashine, na mtoto hakubali kuunganishwa mpaka amshike mama mkono. Bima ya kampuni ndiyo inayolipa. Ruhusa aliomba zamani, akaambiwa wenye familia mbili wachague moja. Basi mimi huwa namtundikia koti lake kwenye kiti na kumwashia taa ya mezani, mtu akipita aseme Mama Pacha yupo, ameenda msalani tu.

Mchana bosi ameniita. Mimi! Amesema kiti cha naibu kinataka mtu jasiri. Amesema zawadi za siku hizi ni sukari tupu, anataka ukweli unaouma, na Ijumaa hii atakuwa anasikiliza kwa makini. Kisha akanitazama huku anatabasamu, mpaka na mimi nikatabasamu, na tulikaa hivyo muda hadi mashavu yakaniuma.

Nimetoka nikielea. Ukweli unaouma! Nitampa wa Tai.

Alhamisi, 10 Oktoba

Tai hana ukweli.

Nimemchimba kutwa. Nimemuuliza mama wa usafi, akasema kosa pekee la Tai ni kula mayai ya kuchemsha mezani. Nimechungulia kapu lake la takataka: maganda ya mayai. Nimemfuata hadi benki wakati wa chakula nikitegemea angalau kashfa ya wastani, kumbe anamsaidia mzee mmoja kupanga foleni. Mtu gani huyu? Siwezi kusimama mbele ya bosi niseme mayai.

Jioni wazo likaniingia, nami nikalifukuza. Likarudi. Nikalifukuza tena, ila si kwa nguvu.

Kwa sababu tufikiri kama watu wazima. Mama Pacha anateseka. Kukimbia na viatu mkononi, roho juu kila wiki, hayo ni maisha? Jambo likitajwa hadharani bosi atalijua, na akilijua atamhurumia, na akimhurumia atampa ruhusa rasmi. Atashuka kwa lifti kama binadamu. Kwa hiyo nikisema, ninamsaidia. Na nikipata kiti njiani, si dhambi. Kuku hamwagiwi mtama akafunga mdomo.

Sikumwambia mke wangu. Wanawake huwahi kukasirika kabla hujafika mwisho wa maelezo.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimefanya.

Tai alianza, akampa mtu wa vocha zawadi ya kuchapa herufi ndogo mno. Sukari! Zamu yangu ilipofika nikasimama, nikamgeukia Mama Pacha. Alikuwa ameshainamisha kichwa kidogo, anangoja yale yetu ya kutojua kuomba msaada. Nikasema anatoroka kazi kila Jumatano kwa ngazi za nyuma, na anaacha koti kwenye kiti ili tudhani yupo.

Nikasikia kalamu ya bosi. Nikaongeza haraka kwamba ni kwa ajili ya mtoto, mtoto mgonjwa, lakini bosi akainua mkono na kusema kwa upole kwamba kwenye duara hatuleti sababu, tunaleta ukweli tu.

Mama Pacha akasimama. Akashukuru kwa zawadi. Sauti ilikuwa ile ile ya siku zote.

Kisha ikawa zamu yake, na hapo ndipo nilipokumbuka. Koti! Nani hutundika koti? Nani huwasha taa? Na mafaili yangu, nani huyafanya? Nilikuwa nimelisahau lile jambo zima kwamba ana mdomo. Akanitazama. Jasho likanitiririka hadi kwenye soksi.

Akasema, "Shemeji hapumziki. Anaijali kazi mpaka anajisahau."

Akakaa.

Nimeshukuru kwa zawadi. Nilishukuru kwa moyo wote, sijawahi kushukuru hivyo. Bosi alinishika bega mlangoni akaniambia nina moyo. Nimeula!

Ila nyumbani sikumsimulia mke wangu. Alikuwa amechoka.

Jumatatu, 14 Oktoba

Kiti cha Mama Pacha kilikuwa kinatazama ukuta.

Hapa mtu akiondoka tunamsindikiza kwa makofi hadi kwenye lifti, ndivyo familia inavyoagana. Alibeba koti na picha ya watoto. Mimi nilipiga makofi kuwashinda wote, aone kwamba sina kinyongo. Lifti ikachelewa. Akasimama ametugeuzia mgongo, nasi tukaendelea kupiga, maana hakuna aliyejua nani anaruhusiwa kuacha wa kwanza. Viganja vikaniwaka. Mlango ulipofunguka aliingia bila kugeuka, na sikuupenda ule mgongo. Angegeuka hata kidogo tu, ningemwashiria kwamba tutazungumza.

Baada ya chai nikatangazwa naibu. Makofi tena! Kiti kinazunguka kweli. Nimekizungusha mpaka nikaona kizunguzungu.

Jumanne, 15 Oktoba

Mke wangu amejua. Mama Pacha hakumwambia, alilia tu kwenye simu, na mke wangu akajaza yaliyobaki mwenyewe. Ananijua vizuri mno.

Nilimweleza kila kitu: ruhusa rasmi, ujasiri, mshahara, kiti. Akanisikiliza hadi mwisho, kinyume na nilivyotarajia. Kisha akasema, "Yule mtoto ulimbeba wewe siku wanatoka hospitali. Mama yake alikuwa hawezi kusimama." Nikasema kazi ni kazi. Akachukua mto wake akahamia chumba cha watoto.

Chai ya asubuhi nimejipikia. Haikuwa chai.

Nilijaribu kumpigia Mama Pacha. Nilikuwa na faili moja la ajali lenye hesabu za ajabu, nikasema nimuulize kidogo, mara moja tu, huku nikimjulia hali. Hakupokea. Nikapiga tena, akazima. Basi! Mtu ukimkosea kidogo tu, anafuta mema yote.

Alhamisi, 17 Oktoba

Mafaili yamenijaa. Sikujua kama yalikuwa mengi hivi. Yale magumu nimeyasukuma kwenye kabati la vifaa vya usafi, nyuma ya ndoo, mpaka akili itulie.

Habari njema: Tai si mtu mbaya! Leo ameniletea chai mwenyewe, akanipongeza, akasema mambo ya kiatu yalikuwa utani wa ndugu. Akasema naibu hawezi kuingia kwenye duara bila mwenzake, tufanye maagano sisi wawili. Tumekubaliana. Nimemfungulia moyo wote, nimemwambia hata hesabu sizijui na mafaili yamelala kabatini. Amesikiliza kwa huruma. Aliuliza kabati lipi, pengine anisaidie. Nikamwonyesha. Kumbe nilimchukia bure siku zote hizi.

Ijumaa, 18 Oktoba

Naandika haraka, kikao kinakaribia.

Asubuhi bosi ameniwekea faili mezani kwa mkono wake. Dai kutoka hospitali: mtoto, figo, mashine, Jumatano ya wiki iliyopita. Mama Pacha alikuwa bado mwajiriwa siku ile. Hata mimi nililiona hilo, na mimi sioni mengi. Bosi akasema sahihi ya naibu inatosha, kulipa au kutolipa ni juu yangu, ila anaamini ujasiri wangu haukuishia siku moja. Hospitali wameandika kwamba dai lisipolipwa, Jumatano ijayo mashine itampokea mwingine.

Nimelikalia faili asubuhi nzima. Nilimkumbuka yule mtoto, alikuwa mwepesi, na alinikojolea shati.

Halafu sababu ikaja yenyewe, nzuri, iliyonyooka: matibabu yalifanyika saa za kazi, mzazi akiwa ametoroka kazini, na hilo lilithibitishwa mbele ya kitengo kizima. Halilipwi! Bosi aliposoma alicheka mpaka akakaa. Amesema ataifundisha kwenye semina.

Lakini mimi si mnyama. Barua zetu huandikwa "tunasikitika." Hii nimeandika "tunasikitika sana," na nimeichapa upya mara nyingi hadi sahihi ikakaa vizuri. Ni sahihi yangu ya kwanza ya unaibu, mtu angependa kuiona.

Kikao hakinitishi. Tai amenikonyeza sasa hivi akitoka kabatini, vumbi tele kwenye tai, mikono imejaa mafaili. Ameshaanza kunisaidia! Jioni barua nitaipeleka mwenyewe, kuokoa stempu. Nitapitia dukani nimnunulie mtoto pipi. Watafurahi kuniona.