Kocha, Umemgeuza Mume Wangu Mfunga Mlango

Kessler, Iowa
9 Agosti

Mheshimiwa Kocha Lundgren,

Salamu nyingi. Natumaini timu ya besiboli i salama kuliko nyumba yangu.

Mimi ni Corinne, mke wa Dale Hadley, ambaye kwa miaka kumi na mmoja alikuwa mrushaji wako wa kuanza mechi. Mwezi Mei ulimwita ofisini ukamwambia, "Dale, ndugu yangu, nakupandisha cheo." Tangu hapo yeye ni "mfunga mlango": anarusha raundi ya tisa tu, ya mwisho, kulinda ushindi waliouchuma wengine. Nalalamika kama ifuatavyo:

1. Raundi nane mume wangu anakaa benchi akitafuna mbegu za alizeti. Kasuku wa jirani naye hushinda hivyo hivyo, ila hajavalishwa sare.

2. Ugonjwa umehamia nyumbani. Nikiosha vyombo, anasubiri ibaki sahani moja. Ndipo anainuka, ananyoosha bega, anaiosha, kisha anapunga mkono dirishani kana kwamba kuna mashabiki. Nikamuuliza, "Dale, una akili kweli?" Akanijibu, "Mke wangu, kazi ni kumaliza."

3. Kwenye harusi ya dada yake alifika keki ikikatwa. Kanisani aliingia kwenye "Amina", na Mchungaji Voss, shabiki wako mkubwa, akaongoza makofi.

4. Wanaoanza mechi wanavuruga, wanatoka wakicheka. Dale akikosea mpira mmoja, ndiye aliyepoteza mechi. Juzi mtu alimpigia kelele, "Hadley, kavune mahindi!" Alikaa garini saa nzima, injini imezimwa, nami kando yake. Kama hicho ndicho cheo, kichukue wewe.

Naomba arudishwe kuanza mechi mara moja.

Nisalimie Bi. Lundgren, wachezaji wote, na hata mwamuzi, ingawa haoni.

Wako, kwa subira iliyobaki kidogo,
Corinne Hadley

N.B. Dale ameisoma barua hii, akaketi chini. Kumbe yeye ndiye aliyekuomba umhamishie raundi ya tisa! Kiwiko kilikwisha tangu mwaka jana. Kinastahimili mipira kumi na mitano kwa siku, basi. Alikusihi useme ni uamuzi wako, nisije nikamlazimisha astaafu. Naituma hivyo hivyo, maana stempu nimeshabandika. Miezi mitatu nimekutukana kutoka jukwaani, wewe na ukoo wako, nawe hukugeuka hata mara moja. Jumapili kwenye mechi nitanyamaza.

Nitajaribu.