Jiko la Makoti Lisirekebishwe

Bunia, Ituri

Kwa Ndugu Wakubwa wa kampuni inayotengeneza upya muchezo wa Makoti,
Huko muliko.

Ndugu Wakubwa,

Salamu nyingi na heshima. Mimi ni Mama Mbambu, mwenye sale ya michezo ya video nyuma ya soko, ile yenye mulango wa bluu mbele na mulango wa mabati nyuma. Ninawaandikia kwa Kiswahili cha shuleni kwa sababu jambo ni kubwa. Pale hasira itakaponishika nitaanguka katika Kiswahili cha nyumbani. Mutanivumilia, maana ni ninyi mumenikasirisha.

Muchezo wenu una jina refu la Kizungu. Siye hapa tunauita Makoti, kwa kuwa kila mutu ndani yake amevaa koti refu na kofia, na bunduki anaibeba mbele ya macho kama tochi. Umechorwa kama vitabu vya picha vya watoto, kwa mistari mizito myeusi. Mutu akipigwa risasi hakuna damu. Linatokea neno POUM kwa rangi ya njano, naye anaanguka miguu juu. Ni wa zamani, vijana wa muji wote wamekua nao. Juzi walinionyesha kwenye simu tangazo lenu, kwamba munautengeneza upya ili kila kitu kifanane na kweli, na kwamba siku mupya utakapotoka, ule wa zamani mutauzima dunia yote. Ndugu Wakubwa, mulifanya kikao na nani?

Malalamiko yangu ni haya.

1. Jiko. Ndani ya nyumba ya ghorofa, katika muchezo wa zamani, kuna jiko lenye sufuria zimetundikwa ukutani. Fundi wenu alikosea pale. Katika jiko lile risasi haiui mutu. Utapiga mpaka uchoke, risasi inapita mwilini kama moshi na kuangusha sufuria tu. Sasa tangazo linasema kwa majivuno kwamba makosa yote ya zamani yameondolewa. Ee Mungu wangu! Katika kazi yenu yote, lile kosa ndilo peke yake lililokuwa na akili.

Niwaeleze. Hapa kwetu amani iko. Iko kweli, lakini watu bado wanalala viatu vikiwa karibu ya kitanda. Kuna watu wa upande huu na watu wa upande ule. Mimi si wa huku wala wa kule, mimi ni Munande, nililetwa hapa na biashara kutoka Butembo, kwa hiyo pande zote mbili zinanilaumu sawasawa. Nilipofungua sale, vijana walikataa kukaa chumba kimoja. Nikakata chumba katikati kwa tripleksi, ile mbao nyembamba ya kutengenezea dari. Hawa wanaingia kwa mulango wa bluu, wale kwa mulango wa mabati. Wanapigana POUM, POUM, muchana kutwa, kisha kila mutu anarudi kwao muzima.

Tripleksi yenyewe ni ya bei ya chini. Mutu wa huku akipiga chafya, wa kule wanasema pole. Lakini pole ile haihesabiwi. Kinachohesabiwa ni neno mutu analosema ndani ya muchezo, akiwa amevaa kasiki masikioni na mikro mbele ya mudomo. Hiyo ndiyo sheria ya sale, na haijavunjwa.

Basi, ni katika jiko hilo Plamedie, binti yangu wa ubatizo, alimukuta Stéphane wa upande ule. Alimupiga risasi mpaka zikamwishia. Stéphane alibaki amesimama, akamwuliza: «Dada, umemaliza? Haya, habari ya kwenu?» Tangu siku ile Plamedie hajashinda muchezo hata mumoja, juu kila saa iko jikoni. Sasa wanataka kuoana, na mimi njo nimesimama kati yao kama nguzo ya kukaushia nguo.

Munajua wenyewe, posa haitumwi kwa simu. Wazee wa kijana wanakuja, wanapiga hodi, wanaketi, wanataja ng'ombe, wanakataliwa, wanataja tena. Lakini Papa Anaclet, baba mudogo wa Stéphane, aliapa hatakanyaga kwa kina Plamedie. Naye Papa Xavier, baba mukubwa wa Plamedie, aliapa kwamba yule mutu akikanyaga, atachoma kiti atakachokalia. Kanisani? Mumoja ni Mukatoliki, mwingine Muprotestanti. Hotelini? Kila mumoja alisema mwenye hoteli ni ndugu wa mwenzake. Nikawaambia, basi muketi jikoni, ndani ya Makoti.

Nimefundisha wazee wawili wenye mvi kushika manete, kile kidude cha vifungo cha kuchezea, Ndugu Wakubwa. Papa Xavier siku ya kwanza aliimaliza akitazama mawingu ya muchezo, kwa sababu hakujua namna ya kushusha macho. Papa Anaclet alipiga hodi kwa kila mulango, hata mulango wa choo. Lakini walifika. Posa ilifunguliwa jikoni kwenu, koti kwa koti. Bibi ya Papa Xavier alileta chai kwa watu wake, na mimi nikapeleka chai ile ile kule ng'ambo ya tripleksi bila kusema imetoka wapi. Waliisifu.

2. Damu. Picha zenu mupya zina damu inayotiririka mpaka chini ya mulango. Aksanti sana, tunayo. Mutu wa Fataki na mutu wa Tchomia, kule vita vilikopita, wanaweza kuwafundisha rangi yake ikiwa mbichi na rangi yake ikiwa imekauka, na hilo somo hamutalipenda. POUM ni neno zuri. Papa Anaclet analisoma kwa sauti kila linapotokea, na siku moja lilimuchekesha. Huyo muzee nilikuwa sijasikia kicheko chake tangu nimujue. Niliingia nyuma ya kaunta nikalia, ninasema kweli.

3. Pua. Hapa ninaomba muchoraji asome yeye mwenyewe. Tangazo linasema kila mutu katika muchezo mupya atakuwa na sura yake, macho yake na pua yake. Baba, nani amekutuma? Katika muchezo wa zamani watu wote wana pua moja, mustari mumoja umeshuka, basi. Hapa kwetu kuna miaka mutu alisimamishwa njiani akaangaliwa pua, na kwa ile pua wakaamua kama atafika nyumbani. Wazee wangu walikubali kukutana kwa sababu pua ilikuwa moja. Papa Xavier mwenyewe alisema, akilitazama koti la Papa Anaclet: «Huyu anafanana na mutu.» Mukianza kutuchorea pua, tutarudi kule tulikotoka, na lawama itakuwa yenu.

4. Bunduki. Hili nilikuwa nalo tangu zamani, ninaliongeza kwa vile kalamu imeshapata moto. Wakwe wanasalimiana wakiwa wameelekezeana bunduki! Ni haya kubwa. Nimebonyeza vifungo vyote vya manete, kimoja kimoja na viwili viwili. Kuna cha kuruka, kuna cha kuinama, kuna cha kujaza risasi. Cha kuweka bunduki chini hakuna. Wazee wamelazimika kuzielekeza kwenye sufuria ili angalau iwe heshima. Kampuni nzima, kweli, hakuna hata mumoja kati yenu aliyewahi kwenda kuomba bibi?

5. Sukari. Hili ndilo linaloniuma, nalo silo la kuchekea. Sukari ni ng'ombe. Alikuwa mwekundu, pembe moja imeinama kama inasikiliza, na alikuwa wa marehemu mama ya Papa Xavier. Wakati wa vita alipotea. Papa Xavier anasema hawezi kupokea ng'ombe wa mahari kutoka kwa watu wale kabla hawajamuambia Sukari alienda wapi, asije akalipwa kwa ng'ombe yake mwenyewe. Kila kikao anauliza. Kila kikao koti la Papa Anaclet linageuka, linatazama sufuria, na hakuna sauti kwenye kasiki. Halafu wanaagana kwa adabu na kila mumoja anatoka kwa mulango wake.

Kikao kingine ni Jumamosi. Ninyi mukizima muchezo kabla yule muzee hajafungua mudomo, posa itakufa, na hakuna mahali pengine duniani ambapo hawa wawili watakubali kusimama pamoja. Plamedie ameniambia kwamba posa ikifa hatalia. Mimi ninamujua mutoto wangu. Heri angesema atalia.

Kwa hayo yote ninaomba, tena kwa magoti, jiko libaki na kosa lake. Mutu yeyote mwenye adabu anajua kwamba mwenye nyumba ambamo posa imefunguliwa hana ruhusa ya kubomoa nyumba ile mpaka posa ifungwe. Nyumba ni yenu. Basi mumekuwa washenga, hata kama hamukuambiwa, na mushenga hakimbii. Tunawangojea kwenye harusi, na musije mikono mitupu.

Na kwa vile mafundi wameshashika nyundo, watuongezee vitu kidogo. Viti, kwa maana hakuna mahari duniani iliyokubaliwa watu wakiwa wamesimama. Mulango wa pili, mama zetu wapite bila kukanyaga miguu ya wazee. Kofia iweze kuvuliwa. Ng'ombe mumoja wa mufano afungwe nje ya dirisha, wazee wakishindwa kuelewana wamuonyeshe kwa kidole. Halafu jiko likishakuwa zuri, murudufishe lingine mulipeleke kwa wale wakubwa wanaofanya mikutano ya amani yetu katika hoteli, mwaka huu, mwaka ujao, na ule unaofuata. Wao hawana haja ya kufundishwa sana. Makoti wanayo tayari.

Mukikataa, mujue kwamba vijana wa mulango wa bluu na vijana wa mulango wa mabati wameamua kwa sauti moja kutogusa muchezo wenu mupya. Ni jambo la kwanza kabisa wanalokubaliana tangu nifungue sale, na mumelifanya ninyi.

Muwasalimie mabibi na mabwana zenu, wazazi kama wangali hai, mulinzi wa getini, na yule anayewapikia chai. Fundi aliyekosea jiko mumusalimie peke yake, mumushike mukono kwa niaba yangu, na kama mulimufukuza, mumurudishe kazini.

Ninayewaheshimu hata nikiwa na hasira,
Mbambu, mwenye sale.

N.B. Barua hii ilikuwa imefungwa, inangojea neti ya simu irudi, Jumamosi ikafika. Mvua ilinyesha tangu asubuhi. Wazee walikuwa wameketi, kasiki kichwani, makoti mawili jikoni, na Papa Xavier ameuliza tena habari ya Sukari. Pale pale umeme ukakatika. Jenereta ikagoma. Sale yangu haina dirisha, ikawa giza na kelele ya mvua kwenye mabati. Nikasema moyoni, basi, imekufa.

Papa Xavier aliuliza mara nyingine, bila kasiki, bila muchezo, hivi hivi: «Sukari alienda wapi?» Na kutoka ng'ambo ya tripleksi Papa Anaclet alijibu kwa mudomo wake: «Alifika kwetu, Muzee. Siye njo tulimukamata. Alikufa kiangazi kile cha jua kali. Nilikosa namna ya kusema.» Papa Xavier akauliza: «Maziwa ilikuwa nayo bado?» «Mingi, Muzee. Stéphane huyu, mama yake alikufa angali mutoto wa kubebwa. Ni maziwa ya Sukari njo ilimulea.»

Mvua iliendelea. Nilidhani Papa Xavier ametoka. Kisha nikasikia: «Basi huyu kijana ni wetu tangu zamani.» Akagonga tripleksi kwa ngumi, namna ya kupiga hodi, nayo ikaanguka yote kwa upande wa Papa Anaclet. Hakuna aliyeumia. Wanawake wakaiokota, wakailaza juu ya kreti za soda, wakaweka bugali na samaki wa Tchomia juu yake. Ng'ombe wamekubaliwa, na mujukuu mumoja wa Sukari, aliyebaki kwa kina Papa Anaclet, atatangulia mbele ya wengine. Plamedie alilia mpaka akashindwa kula. Umeme uliporudi, vijana waliwasha mashine na muchezo ukafunguka pale ulipokatikia, makoti mawili yangali yamesimama jikoni kwenye ekra, bunduki zinatazama sufuria, na hakuna aliyegeuka kuyaangalia.

Kwa hiyo yote niliyoandika hapo juu muyafute, isipokuwa pua na damu. Jiko mulirekebishe, na mufanye haraka. Sasa wazee ni wakwe, wanakuja kila alasiri kwa mulango mumoja, wanapigana, na Papa Xavier ananipigia kelele kwamba kila akimukaribia Papa Anaclet, yule anakimbilia jikoni na risasi hazimupati. Anasema huo si ukwe, ni wizi.

Na kile kifungo cha kuweka bunduki chini, musisumbuke kukitengeneza. Maji ya kunawa yalipoletwa, wazee walihitaji mikono yote miwili, ndipo tulikiona. Unaachilia manete.