Afisa Mtikisiko

Kwa heshima na taadhima, umma mzima ulitangaziwa kwamba Idara ya Kupunguza Hewa Ukaa Majengoni sasa itaanza kuipunguza kwenye jengo lake yenyewe. Makofi yakapigwa. Fundi akapanda ngazi, akafunga kwenye kila dari kijidude cheupe chenye jicho jekundu. Kijidude kikiona chumbani hakuna kinachotikisika, basi hakuna mtu: kinazima taa, kinazima kiyoyozi, na moshi wa mitambo ya kufulia umeme unapungua. Mkurugenzi mwenyewe alitamba redioni: "Mtambo huu haudanganyi!"

Jambo jema kabisa, msicheke. Kasoro ilikuwa ndogo tu: ofisi ya Mkurugenzi ilizimika kila mara, naye yumo ndani.

"Kibovu hiki," alisema gizani, mikono juu ya tumbo.

"Kizima, mheshimiwa," fundi akajibu. "Ila kinataka usogee. Kidogo tu."

"Nisogee? Mimi? Kwa cheo hiki?"

Kamati ikaundwa, ikanywa chai, ikapendekeza cheo kipya cha Afisa Mtikisiko. Akateuliwa kibarua mmoja wa masjala aliyejaliwa mikono mirefu, asimame nyuma ya kiti cha Mkurugenzi na kupunga kutwa nzima. Haikupita wiki, jengo zima likawa linamwita Pangaboi.

Pangaboi hakununa. Alikuwa na lake lililomkaa kooni: baba wa mchumba wake ameapa hamwozeshi binti yake kibarua.

"Ukithibitishwa kazini, lete wazee wako tuzungumze," mzee alimwambia. "Kabla ya hapo usinimalizie sukari."

Basi Pangaboi alipunga kwa moyo wote. Mkono wa kulia ukifa ganzi, anahamia wa kushoto, huku akimwaza mchumba wake mpaka machozi yanamlengalenga. Kila mwisho wa mwezi aliuliza kwa adabu, "Mzee, ile ajira yangu ya kudumu?"

"Suala lako linafanyiwa kazi," Mkurugenzi alijibu bila kufumbua macho.

Ikafika siku ya Waziri kuja kukagua mafanikio. Mkurugenzi akashikwa na aibu ya ghafla. Mgeni mkubwa vile akute mtu anapunga hewa kama anafukuza nyuki?

"Ingia nyuma ya pazia," akaamuru. "Na ole wako utikise hata kope!"

Pangaboi akajibanza. Mkurugenzi akajiweka kitini vizuri, akasubiri. Akasubiri kwa utulivu mkubwa mno. Taa ikazimika.

Waziri, mama asiyependa maneno mengi, akafungua mlango na kusimama palepale ukumbini. Giza totoro.

"Mbona hakuna mtu?"

"Nipo, mheshimiwa!" sauti ikatoka kitini.

Waziri akamgeukia fundi aliyefuatana naye. "Mtambo unasemaje?"

"Unasema hamna mtu, mama."

"Huwa unadanganya?"

Fundi akatazama viatu vyake. Mkurugenzi, ambaye redioni walishamsikia mpaka shangazi zake, akajibu kwa shida, "Haudanganyi, mheshimiwa."

"Basi hakuna mtu."

Mkurugenzi akaona mambo yanaharibika, akaamua kutumia nguvu zake zote. Akainua kidole kimoja, kile anachoamrishia. Kijidude hakikushtuka.

Hapo vumbi la pazia likamzidi Pangaboi. Akajizuia, akajibana pua, wapi! Akapiga chafya iliyolichana pazia, na ofisi nzima ikawaka, kiyoyozi nacho kikanguruma.

"Ala! Kumbe yupo!" Waziri akasema. "Wewe ndiye unayefanya kazi humu?"

"Ndiyo, mama. Kutwa."

"Umethibitishwa?"

"Suala langu linafanyiwa kazi."

"Limekwisha. Kalia kiti chako."

"Na mimi je?" Mkurugenzi akauliza.

Waziri alimtazama kwa huruma ya kiserikali. "Wewe hukuonekana, ndugu yangu. Ila nasikia kuna nafasi ya kibarua."

Harusi ilifana, baba mkwe akacheza mpaka akapoteza kiatu. Pangaboi siku hizi ni Mkurugenzi, na kile kiti ni laini ajabu. Wiki za mwanzo alitikisikatikisika. Siku hizi ametulia, mikono juu ya tumbo, na nyuma yake Mkurugenzi wa zamani, mzee wa watu, anapunga huku jasho likimtiririka.

"Bosi," mzee huuliza kila mwisho wa mwezi, kwa adabu, "ile ajira yangu ya kudumu?"

Pangaboi hafumbui macho.

"Suala lako linafanyiwa kazi."