Uso wa Mfalme wa Giza

Jumatatu, 5 Oktoba 1970
Papa François, msimamizi kiwandani Shituru na baba yake Julie, ameniita. Parokia itaigiza masimulizi ya kale ya Mfalme wa Giza, yule aliyelifungia jua ndani ya mlima. Nimchore kwenye pazia la jukwaa. Akiridhika, tutazungumza habari za Julie. Nampenda Julie hadi chakula hakipiti. Tatizo ni Hilaire, fundi cherehani, naye anamtaka. Basi mfalme atapata uso wa Hilaire! Julie atamchukia bila kujua sababu.

Jumatano, 7 Oktoba
Pua na macho ni ya Hilaire mtupu. Asije akajitambua, nimemnenepesha mashavu na kumvalisha miwani. Wafalme wa kale hawakuwa na miwani, lakini nani aliwaona?

Ijumaa, 9 Oktoba
Balaa. Katekista Isidore kaliona pazia, kafunga mlango, kaninong'oneza kwamba huyu ni Rais, yule mwenye picha katika kila ofisi. Nikatazama. Kweli. Kabla sijamfuta, vijana wawili wa chama tawala wakaingia. Wakauliza huyu ni nani. Watu wamechukuliwa kwa makosa madogo kuliko hilo, hawajarudi. Nami nikajifanya naosha brashi, kwa woga.
Hilaire, aliyekuwa akipima mavazi ya waigizaji, akainuka.
“Ile sura ni yangu. Ni minye njo nilikala, yeye anachora.”
Eti yeye ndiye aliyenikalia nimchore! Akaazima miwani ya Isidore, akajaza mashavu hewa, akasimama kando ya pazia. Vijana wakacheka, wakaenda zao. Ndipo Hilaire akaketi sakafuni palepale. Julie akamletea kiti.
Baadaye Papa François akaniuliza kwa nini nilichagua uso wa Hilaire. Nikamwambia ukweli. Akanitazama kwa huzuni.
“Weye iko na mukono muzuri. Roho iko wapi?”
Nimelala bila kula.

Jumamosi, 14 Novemba
Hilaire amemwoa Julie. Nimelia kanisani, nikawaambia watu ni furaha. Kwenye karamu Papa François amenisamehe, akaniagiza nichore shetani kwa mchezo wa Krismasi. Nimekubali upesi, maana Emérance, mdogo wake Julie, aliniongezea bukari, ugali wetu, bila kuombwa. Nitamposa. Baba yake ni mkali, atanisumbua tu. Nimerudi nyumbani, nimeanza kazi papo hapo. Shetani ametoka vizuri sana. Masikio ni ya Papa François.