Kitanda Namba Kumi na Moja

Jumatatu, 6 Agosti 1979

Siku ya tisa bila mke. Asubuhi nimetia chumvi kwenye chai. Makopo yote yanafanana, yeye ndiye aliyekuwa akiyajua.

Naandika ukweli humu kwa kuwa daftari halina mdomo. Nilimpa Fundi Saa, jirani yetu wa ukuta mmoja, cherehani ya mke wangu. Yeye akanipa redio yake ya bendi nne. Redio ya mbao! Inashika mpaka nchi nisizozijua! Mke wangu alikuwa amekwenda sokoni kununua vifungo. Nilidhani atafurahi.

Aliporudi alisimama mbele ya meza tupu. Akauliza zile sare kumi na mbili za shule atazishona kwa meno? Nikafungulia muziki. Nadhani kosa ni ule muziki.

Akachukua mkasi wake na futi yake ya kupimia, akaenda kwa kaka yake. Shemeji ni mchomelea vyuma, mikono yake mizito. Siendi kule.

Sasa mke wa Fundi Saa anashona mchana kutwa. Nasikia kila mshono ukutani.

Jumanne, 7 Agosti

Wazo! Mke wangu hasikilizi redio siku za kazi, maana cherehani ilikuwa ikimzidi kelele. Lakini Jumapili haachi kipindi hata kimoja, toka stesheni inapofunguliwa. Kwa shemeji ipo redio ndogo jikoni. Nitamtumia salamu za Jumapili. Nchi nzima isikie, aone haya kuendelea kununa.

Saa ya chakula nilikwenda kituo cha redio. Mlinzi wa getini alinicheka. Akasema kadi za salamu za kawaida zimejaa magunia, wanasoma za Februari sasa hivi. Mpaka waifikie yangu, mke atakuwa amesahau sura yangu. Nikamuuliza hakuna kipindi kisicho na foleni? Akasema za wagonjwa walio hospitali husomwa wiki hiyohiyo, maana mgonjwa hangoji.

Nina miaka kumi na minne masijala. Najua faili lenye alama ya haraka linavyoruka vichwa vya wenzake. Nilianza kuumwa palepale getini.

Jumatano, 8 Agosti

Kadi inataka jina, wodi na kitanda. Nimeandika wodi namba sita, kitanda namba kumi na moja. Mwongo wa kawaida angeandika kumi. Mimi si wa kawaida.

Nikaandika mke wangu aambiwe nimemsamehe. Nikakata. Nikaandika namwomba anisamehe. Kalamu ilikuwa nzito, sijui kwa nini. Nikamalizia kwa mhuri mwekundu wa ofisi, HARAKA, mara mbili. Mkuu wa masijala akauliza mhuri umekwenda wapi. Nikamsaidia kuutafuta.

Alhamisi, 9 Agosti

Fundi Saa amebisha hodi. Shingo inamuuma mkewe, uzi unakatika kila mara, naye mwenyewe ameikumbuka redio yake, hasa mpira. Akasema nikitaka turudishiane hata sasa hivi, yeye hana neno.

Hata sasa hivi! Na salamu zangu nitazisikia kwa masikio ya nani? Nimemwambia angoje Jumapili ipite. Ameondoka akitikisa kichwa. Wivu tu.

Jumamosi, 11 Agosti

Betri zimelegea. Mtangazaji anaongea kama mtu mwenye usingizi. Nimezipanga dirishani zipate jua, nikazilinda kutwa nzima. Mke angekuwepo angenicheka. Ningependa kuchekwa.

Jumapili, 12 Agosti

Saa kumi na mbili asubuhi. Stesheni imefunguliwa na mimi nimo. Nimejifunga bendeji kichwani, mke akija anikute niko tayari. Nitasema nimeruhusiwa.

Saa moja. Habari. Bado simo.

Saa mbili. Mahubiri. Mhubiri anawasema waongo. Nimepunguza sauti.

Saa tatu. Watoto wanaimba. Mmoja ametangulia wenzake, amemaliza peke yake.

Saa nne. Wagonjwa! Kadi ya tano ni yangu! Mtangazaji amesoma jina langu lote, wodi, kitanda, halafu lile neno la kuomba msamaha, polepole, kwa uchungu kuliko nilivyoliandika. Nimelia. Nimejionea huruma sana. Nyuma ya ukuta cherehani ikanyamaza, Fundi Saa akaja mbio kuuliza nimelazwa lini. Nikamwambia asinivurugie.

Saa sita. Mashairi. Mtu analilia mkewe kwa vina. Sikuinuka mpaka ubeti wa mwisho.

Saa saba. Habari tena. Mke bado.

Saa nane. Kipindi cha mkulima. Dawa ya wadudu wa pamba. Sina shamba. Nimesikiliza yote.

Saa tisa. Mpira! Timu yetu imefunga dakika ya mwisho, nikaruka, bendeji ikaangukia uvunguni mwa kitanda. Nikasema nitaichukua baadaye.

Saa kumi na moja. Mchezo wa kuigiza. Mume amejificha kabatini na mkewe amelikalia kabati. Nilicheka mpaka nikashika mbavu.

Hapo mlango ukafunguliwa.

Mke wangu. Macho yamevimba, chupa ya supu mkononi. Nyuma yake shemeji, kofia ameivua. Nikawahi kuzima redio, nikakizungusha kitufe upande usio wake. Chumba kizima kikajaa vicheko.

Shemeji ndiye aliyeeleza. Walisikia salamu. Mke akaacha kazi zote, akapika supu, wakaenda hospitali saa ya kutazama wagonjwa. Wodi namba sita, kitanda namba kumi na moja. Godoro limekunjwa. Muuguzi akawaambia mgonjwa wa kitanda hicho amefariki saa nane. Kuhusu jina, akasema daftari liko ofisini na ofisi imefungwa, waje kesho. Mke wangu alikaa chini, sakafuni, akalia. Wamekuja kufungua nyumba, waombolezaji wapate pa kukaa.

Sikuwa nimefikiria hilo. Haki ya Mungu, sikufikiria kwamba mtu akisikia mwenzake kalazwa hospitali, atakwenda hospitali.

Mke wangu alinitazama kutoka kichwani mpaka miguuni. Akauliza kitu kimoja tu.

"Sasa aliyekufa ni nani?"

Sikujua. Akaiweka chupa juu ya meza, pale ilipokuwa cherehani, akatoka. Shemeji hakuninyanyulia mkono. Ningeona nafuu kama angeninyanyulia.

Jumatatu, 13 Agosti

Nimekunywa supu. Chumvi iko sawasawa.

Yule wa kitanda namba kumi na moja hanitoki kichwani. Mimi niliandika namba tu, kumbe namba ilikuwa na mtu. Huenda mkewe naye alikuwa redioni akingoja jina lake, mimi nimeruka foleni na mhuri wangu. Nilipita hospitali baada ya kazi. Nikafika getini. Nikarudi.

Nimekosa. Naandika tena: nimekosa. Mwanamke amenililia sakafuni mbele za watu na mimi nilikuwa nacheka kabati.

Jumanne, 14 Agosti

Shemeji amepita ofisini. Hakukaa. Amesema dada yake hataki salamu, hataki maneno, hataki zawadi. Siku cherehani itakapokuwa juu ya meza yake, atarudi. Basi.

Nimerudi nyumbani, nikamkuta Fundi Saa mlangoni kwangu ameikumbatia cherehani, jasho linamtoka. Amesikia yote ya juzi, ukuta wetu ni mwembamba. Akasema chukua, nipe redio yangu, kamwite mkeo leo hii.

Nimeitazama cherehani. Nimetazama meza. Machozi yamenilengalenga.

Lakini nimefikiri kama karani. Kurudisha cherehani ni kazi ya mtu yeyote, hata Fundi Saa anaiweza. Mke atarudi kwa ajili ya chuma, si kwa ajili yangu. Mimi nataka alie tena kama alivyolia mbele ya lile godoro. Pale alinipenda! Nimekimbia duka la jirani kupiga simu kituoni, wakaniambia kwamba matangazo ya vifo hayana foleni kabisa. Yanasomwa siku yoyote uitakayo, mara tatu. Na sijasema sijajifunza kitu: safari hii siandiki namba ya kitanda.

Nimemwambia Fundi Saa airudishe cherehani kwake, angoje Jumapili ipite.